Pumzi Thelathini Asubuhi

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ishirini na moja, mfuko wa nyanya mapajani, akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Jirani wa ghorofa ya pili alipita, akamwamkia, akaona, akaendelea na safari yake. Ndiko alikofikia Mapafu, mzee aliyepiga tarumbeta miaka thelathini na minane, aliyepewa jina hilo na wenzake wa bendi kwa sababu noti yake moja ilimtosha mtu kwenda kununua kiberiti na kurudi.

Mwaka jana nimonia ilimlaza hospitalini wiki tano. Katika wiki ya tatu mkewe, aliyekuwa mzima kabisa, alianguka jikoni akafa. Mzee alipotoka alikuta kaburi, na hizo ngazi hamsini na nne za kufika kwake.

"Baba, sina ugomvi na wewe," binti yake alimwambia. "Nakupa wiki sita. Ukipanda mpaka juu bila kukaa, baki na nyumba yako. Ukishindwa, unahamia kwangu. Kwangu hakuna ngazi."

Kwa binti yake pazuri, nani amekataa? Lakini mkewe hakuishi kule. Aliishi ghorofa ya tatu, miaka thelathini na moja, na alama ya kiwiko chake bado ilikuwa kwenye rangi ya dirisha. Kuhama pale kwa mzee kulikuwa kufiwa mara ya pili.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi, msichana mwenye ukali wa mwalimu wa hesabu, alimpa kibomba cha plastiki chenye springi ndani.

"Pumzi thelathini asubuhi, thelathini jioni. Misuli ya kupumua ni misuli kama mingine, babu. Usipoibebesha mzigo inalala."

Mpiga tarumbeta afundishwe pumzi! Alikitia kibomba mfukoni akaondoka maelezo hayajaisha. Kwa wiki mbili alikifanyia kazi mashavu yamevimba, macho yamemtoka, kisha akarudi kliniki kupokea sifa.

"Hebu nionyeshe."

Akaonyesha.

"Babu! Unafanya nini?"

"Napuliza."

"Hiki ni cha kuvuta! Ukipuliza hakina uzito wowote. Nani alikwambia upulize?"

Mazoea yana taabu, jamani. Mtu aliyekula kwa kupuliza maisha yake yote, umtie bomba mdomoni, unategemea afanye nini? Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Halafu kicheko kikamshika, kicheko kikaleta kikohozi, na yule msichana akawa anampiga mgongoni huku naye anacheka.

Njiani alimkumbuka mkewe. Hakujua kusoma noti hata moja, lakini mzee akikatika katikati ya wimbo, sauti ilitoka jikoni: "Umeanza kifua kitupu! Vuta kwanza, mwenzangu!" Akipiga pasi sare ya bendi, alimhesabia urefu wa noti. Siku moja alifika hamsini na mbili, akaweka pasi chini. "Acha bwana, utaniachia ujane!" Loo, alivyokuwa akimpenda mwanamke yule.

Zilibaki wiki nne. Sasa alivuta. Ilikuwa kama kunyonya asali kwa mrija. Siku ya kwanza alipofika kumi na mbili aliona nyota. Akapumzika, akaendelea, akijihesabia mwenyewe kwa sauti ya moyoni. Kila wiki msichana wa kliniki alikaza springi kidogo. Mambo madogo yakaanza kurudi. Alimaliza sentensi nzima kwenye simu. Alinyoa ndevu huku akiimba chinichini. Asubuhi moja alijikuta ngazi ya thelathini, hajakumbuka kuchoka.

Jumamosi ya mwisho binti yake alikuja.

"Haya baba. Na ukuta usiushike."

"Ukuta nao umenifanyia nini?"

Akaanza. Binti alimfuata nyuma amenyoosha mikono, kama mama wa mtoto anayejifunza kutembea. Ghorofa ya pili, jirani akafungua mlango na kumkamata binti kwa salamu zisizoisha. Mzee hakusimama. Ngazi ya arobaini ilimbana. Akavuta, taratibu, mpaka chini kabisa, mbavu zikafunguka. Hamsini. Hamsini na nne.

Alifungua mlango akiwa na pumzi ya kutosha na ya ziada. Kabla hajafikiri, mdomo ukafanya kazi uliyoifanya kila jioni kwa miaka thelathini na moja.

"Mke wangu! Nimefika!"

Sauti nzima, ya kujaza vyumba vyote viwili. Tangu msiba alikuwa anaingia mle akihema, hana pumzi ya kumwita mtu. Hakuwa na pumzi hata ya kulia. Alisimama akasikiliza. Jikoni kimya. Na uchungu ukamjia wote kwa pamoja, kwa kuwa sasa ulipata nafasi.

"Nimeshinda, mama," alisema. "Nimebaki kwetu."

Akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti, kilio kirefu kisichokatika. Chini, mazungumzo ya mlangoni yakakoma, na hatua za binti yake zikaanza kupanda mbiombio.