Risasi Isiyo na Karatasi

Faradji, fundi cherehani wa Gisenyi, alikuwa amepiga magoti Goma, ng'ambo ya mpaka, pini mdomoni, akimvalisha mlowezi mmoja wa Kizungu suruali mpya, kifungo kikakataa kufunga. Mlowezi huyo, ambaye watu walimwita Bwana Kitambi, alisema fundi amebana kitambaa. Faradji akamweleza kwa adabu kwamba tangu apimwe, bwana amenenepa. Bwana Kitambi akaingia ndani kuchukua bunduki.

Faradji alikimbia peku hadi mpakani, akapita chini ya mti wa kizuizi, akaingia Gisenyi. Mlio ukasikika nyuma yake. Risasi ikaja moja kwa moja mpaka kwenye mti ule, ikasimama hewani. Upande wa Goma walowezi walinunua risasi dukani pamoja na sabuni. Upande wa Gisenyi hakuna silaha iliyoingia bila kibali. Kayitare, askari wa zamu, aliiuliza risasi kama ina karatasi. Haikuwa nayo.

"Basi ingojee hapo," alisema, kisha akamgeukia Faradji. "Fundi, huku uko salama. Lakini usivuke. Iko inakutafuta we."

Mkubwa wa wilaya, Mbelgiji, alikuja kuitazama, akafurahi kuona sheria yake inafanya kazi. Faradji akaomba mpigaji ashitakiwe. Akajibiwa kwamba kule Bwana Kitambi ana haki ya bunduki yake, na huku hajampiga mtu.

Wachuuzi wakazoea kuinama kidogo wanapopita na vikapu.

Saidati, mdogo wake Faradji, aliolewa Goma. Siku ya harusi shangazi zake walimleta hadi kwenye kizuizi ili kaka yake amkunjie pindo la gauni. Faradji alipiga magoti upande wa Gisenyi, akanyoosha mikono upande wa pili. Risasi ikashuka naye, ikatulia mbele ya kifua chake, mikono haikuihusu.

"Kaka, haikutishi?" Saidati aliuliza.

"Inanichosha. Simama wima."

Pindo lilikuwa bado nusu, honi ikapigwa. Bwana Kitambi alikuwa anakwenda kuogelea ziwani Gisenyi, kama kila Jumapili. Bunduki aliiacha nyumbani, maana aliheshimu sheria. Alimpongeza bibi harusi kupitia dirisha la gari. Kayitare akapiga saluti, akainua mti, akawaomba watu wapishe njia. Shangazi wakapisha, Faradji akapisha, risasi nayo ikapisha. Gari likapita, mti ukashushwa, risasi ikarudi mahali pake.

Faradji akachukua sindano, akaendelea na pindo.