Jiwe la Harlan Dressler

Kila Oktoba, wikendi ya mechi kubwa, wazee waliosoma chuo kile walirudi kwenye nyumba yao ya udugu, chama cha wanafunzi wa kiume wanaoishi pamoja, ile ya matofali mekundu yenye herufi tatu za Kigiriki juu ya mlango. Walikula chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, wakataniana vitambi, wakaitana "ndugu" kana kwamba wametoka tumbo moja. Wendell Krause hakuwahi kukosa. Mwaka huu hotuba ilikuwa yake, kwa sababu asubuhi ile bustanini lilikuwa linazinduliwa jiwe la kumbukumbu la marehemu Harlan Dressler, aliyelala naye chumba kimoja enzi zao.

Tatizo ni kwamba Harlan hakuwa amekufa.

Kwenye korido ya kuelekea jikoni zimetundikwa picha za kila mwaka, uso wa kila mwanachama ndani ya kidirisha chake cha mviringo, jina chini yake. Katika picha ya mwaka wa Wendell kidirisha kimoja ni kitupu. Jina lipo, uso haupo. Wembe uliopita pale ulikuwa wa Wendell mwenyewe, katibu wa nyumba, na ulipita kwa sababu Harlan alifanya jambo ambalo nyumba ile haisamehe: alisema. Februari ile Wendell alimsimamisha nje mwanagenzi mmoja aliyekuwa bado anajaribiwa kabla ya kupokewa, Toby Eckert, kwenye theluji, akiwa na chupi tu, mpaka ataje majina ya waasisi wote bila kukosea. Toby alikosea, akarudia, akakosea tena. Harlan ndiye aliyembeba ndani na kuita gari la wagonjwa, na kesho yake akaenda kwa mkuu wa wanafunzi akaeleza yote. Toby alikatwa vidole vitatu vya mguu vilivyoharibiwa na baridi. Nyumba ilifungiwa mwaka mzima. Harlan akapigiwa kura ya kufukuzwa, wala hakutokea hata mmoja wa kumtetea.

Uongo haukuzaliwa mkubwa. Miaka mitano baadaye, kwenye wikendi kama hii, vijana wa nyumba walimuuliza Wendell kidirisha kile ni cha nani. Alikuwa na bia mkononi na aibu kifuani, akajibu, "Huyo alitutoka." Vijana wakainamisha vichwa. Angeweza kuwasahihisha palepale. Hakuwasahihisha. Mwaka uliofuata walimuuliza alikufaje, na Wendell, aliyeona amekwisha kuingia, akatia chumvi: theluji, mwenzake kuzidiwa na baridi, Harlan kutoka kumwokoa. Wenzake wa mwaka ule waliokuwa wakimsikiliza walitazama viatu vyao. Toby hakurudi kamwe, kwa hiyo hakukuwa na wa kubisha. Baada ya miaka kumi wanafunzi walikuwa wakikigusa kidirisha kile kabla ya mitihani.

Asubuhi hiyo, Wendell alipoingia koridoni na hotuba mfukoni, alimkuta Bryson, rais wa nyumba, kijana mchangamfu asiyeweza kunyamaza, akimweleza mgeni mmoja mrefu mwenye mvi na tai nyeusi.

"Huyu ndiye ndugu Harlan. Tunamgusa hapa kabla ya mitihani. Mguse tu, mzee, haina ubaya."

Mgeni akagusa. "Inasaidia?"

"Kwenye hesabu, hapana. Kemia, sana."

"Na habari zake mlizipata kwa nani?"

"Kwa ndugu Wendell. Huyo hapo nyuma yako. Mwulize yeye, mimi nikapange viti."

Mgeni akageuka. Wendell alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Habari za siku nyingi, katibu."

"Harlan."

"Marehemu Harlan. Dada yangu aliona tangazo la jiwe, akanipigia kuuliza kama nimekufa bila kumwambia." Aliinyoosha tai yake. "Nimevaa kabisa nije kujizika."

Wendell alijaribu kucheka, kicheko kikakwama. "Sikukusudia. Nilisema umetutoka, wao wakaelewa..."

"Miaka thelathini, Wendell. Neno moja lilikushinda kulirekebisha?"

Wendell alikitazama kidirisha kitupu.

"Unataka nini?" akauliza mwishowe.

"Kwa ajili yangu, sitaki kitu. Lakini Toby amekufa mwezi wa nne. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Nimeona mmemtia kwenye orodha yenu ya leo, mtu ambaye hakutia tena mguu humu, mguu ule wenye vidole viwili. Waambie kilichompata. Usipowaambia, mimi nitanyamaza. Nilishasema mara moja, ikatosha."

Akatoka, akaenda kukaa safu ya mwisho.

Bustani ilijaa. Safu ya mbele walikaa wenzake Wendell wa mwaka ule, watano, makoti yamewabana, na kila mmoja alijua. Wendell alipanda jukwaani akiwa ameazimia kusema. Kisha akaziona zile nyuso za vijana zilizomsubiri kwa heshima, na roho ikamsinyaa. Akafungua karatasi, akasoma kama ilivyoandikwa. Alisoma "shujaa". Alisoma "rafiki yangu". Makofi yalipopigwa alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia.

Likabaki jambo moja, kuita majina. Ni desturi ya nyumba: msomaji hutaja ndugu waliofariki, mmoja mmoja kwa mpangilio wa alfabeti, na wote hujibu, "Yuko nasi."

Majina ya kwanza yalipita. Kisha, "Harlan Dressler."

"Yuko nasi!" Vijana waliitika kwa nguvu zote, Bryson akiwa na machozi kabisa. Kule nyuma Harlan alikaa kimya, kofia mapajani.

Wendell alishuka kwa macho kwenye jina lililofuata. Toby Eckert.

"Hapana," alisema. "Hayuko nasi. Harlan hakututoka. Tulimtoa. Wembe ulikuwa wangu." Aliitazama safu ya mbele. "Hakuna aliyekufa kwenye theluji. Alikuwako Toby, akiwa na chupi tu, na aliyemsimamisha pale ni mimi. Harlan alimbeba, akaenda kusema ukweli, na kwa hilo tukamfuta. Mmekuwa mkiugusa uongo wangu."

Bryson aliutazama mkono wake.

"Kaa chini, Wendell," mmoja wa safu ya mbele alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha."

"Endelea, katibu," Harlan alisema kutoka nyuma, na shingo zote zikageuka. "Orodha haijaisha."

Wendell alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Toby Eckert."

Hakuna aliyeitika. Wazee watano waliinama. Vijana walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Harlan alisimama, akavaa kofia.

"Huyo yuko nami," alisema, akatoka kwa lango la bustani bila kulitazama jiwe lake.

Wendell alibaki jukwaani. Majina kumi na moja yalikuwa bado, na hakuna aliyemwambia tena akae.