Neno la Meneja kwa Mguu Usiotulia

Karakanani walimwita Cherehani, kwa sababu tangu afiwe na mkewe, mguu wake wa kulia ulikanyaga pedali isiyokuwepo. Akikaa tu, twa twa twa. Akisimama na mkasi mkononi, kimya. Anakata sare za shule, safu nene kwa mkupuo mmoja, na hakuna uzi unaopinda.

Meneja hakuangalia mkasi. Aliangalia mguu.

“Mzee, una fidgets,” alimwambia mbele ya watu. “Kesho utakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mguu ukicheza, meza ya kukatia nampa mwingine, wewe unashika fagio.”

Jioni nyumbani, Cherehani alimkuta bintiye anapiga pasi.

“Mama, fidgets ndiyo nini?” akamuuliza.

“Kutotulia, baba. Kuchezesha mwili kwa wasiwasi.” Binti akatazama kamusi kwenye simu. “Limetokana na neno la zamani, fidge, kujitikisatikisa. Na huenda lina undugu na neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya. Hilo ni kuhangaika, au kuwa na hamu.”

“Hamu?”

“Ndivyo walivyoandika.”

“Basi wenye neno walilijua kuliko huyu aliyeliazima.”

Asubuhi benchi lilikuwa mlangoni mwa ofisi. Lile lile alilokalia siku ya msiba. Mkewe Cherehani, mshona vifungo wa hapo hapo, alipoanguka kazini, meneja alisema gari la kumpeleka hospitali haliondoki mpaka yeye amalize kuongea kwenye simu. Mume akaketi pale, mikono magotini, mtiifu kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Simu ilipoisha, mke alikuwa ameshaaga dunia.

“Kaa,” meneja alisema.

“Sikai.”

“Unauogopa mguu wako?”

“Kazi yangu ya kusimama, unanipima kwa kukaa. Na hapa nilishakaa, bwana. Nilitulia tuli, nikaondoka na maiti. Situlii tena mbele yako. Ugonjwa huu umeuleta wewe, kisha unautafutia jina la Kizungu.”

Washonaji walikuwa wameacha mashine, wanasikiliza.

“Nani mwingine anajua kukata?” meneja akauliza.

“Mimi najua kukata kucha,” akajibu mama wa mashine ya kwanza, bila kuinua macho. Wenzake wakacheka chinichini.

Cherehani akampita meneja bega kwa bega, akasimama mezani pake.

“Leteni kitambaa,” alisema.

Meneja akanyoosha mkono kuzuia. Wanawake wawili wakaliinua jora, wakapita kando ya mkono ule, wakalitandaza.