Shibiri ya Bi Kijakazi

Watu wananiuliza hesabu za kazi hujifunzwaje, nami nakasirika. Wanataka niwatajie kitabu. Mimi nilizijifunza kwenye nguzo ya dungu la mama yangu, Bi Kijakazi.

Enzi hizo za Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, kando ya Rufiji, baada ya miezi minne ya darasa la watu wazima kule Kibiti. Mwalimu Swalehe alitufundisha hesabu za mto, shamba na boriti, akampa kila mtu rula ya mbao. "Mkipima, pimeni na hii," alisema. "Mikono yenu iacheni ya kulia ubwabwa." Tulicheka sana.

Mwaka huo maji yalikuja wakati mpunga umeshavunwa. Mama alikuwa ng'ambo, juu ya dungu, kibanda chetu cha shamba kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu, akilinda mavuno. Mimi nilichomeka kijiti ukingoni nikapima siku tatu mfululizo: maji yalipanda shibiri moja kila siku. Rula ilikuwa sandukuni. Sikuona haja yake, maana huku kwetu kila mtu hupima kwa shibiri tangu utotoni.

Adhuhuri ya siku ya tatu binamu yangu Sikujua akavuka na kitumbwi chake.

"Kaka Bushiri, shangazi kapima. Anasema maji bado shibiri saba kugusa sakafu. Yeye anaona heri nimlete leo leo. Wasemaje?"

Nikachora mchangani. Saba gawa kwa moja. Nilijiona bingwa.

"Mwambie atulie, siku saba zipo. Siku ya sita asubuhi, kuhesabu toka kesho, nakuja na mtumbwi mkubwa wa Mwinjuma, tumpakie yeye na mpunga wake wote."

Sikujua akasitasita. "Una hakika, kaka?"

"Nimesomea," nikamjibu.

Neno hilo linanichoma hadi leo.

Siku ya sita, jua linachomoza, tulilikuta paa limesimama na chini yake hakuna kitu. Mkondo ulikuwa umeing'oa sakafu ya fito, mpunga na mama juu yake. Tulimpata kesho yake, amekwama kwenye matete. Mazikoni watu walinishika mkono wakaniambia ni kazi ya Mungu. Natamani mmoja wao angenizaba kibao.

Maji yalipopungua nilirudi pale na rula. Kwenye nguzo mama alikuwa amekata alama kwa kisu, moja kila shibiri, kuanzia sakafuni kushuka hadi maji yalipokuwa. Nikaweka kidole gumba kwenye alama moja, nikanyoosha mkono. Kidole changu cha mwisho kikaipita alama ya pili, kikaenda mbele. Mama alikuwa mwanamke mdogo, na mikono yake ilikuwa midogo. Nilikuwa nimeishika maisha yangu yote.

Nikapima. Shibiri yake ilikuwa inchi saba. Yangu ilikuwa tisa na theluthi. Nikakaa kwenye tope nikaifanya hesabu upya, na safari hii nikaipata: siku tano na robo.

Siku ya tano, tangu asubuhi, mtumbwi wa Mwinjuma ulikuwa umefungwa nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilikuwa kivulini, nasubiri kesho.