Senene wa Muleba

Kompyuta ya kituo chetu cha damu, hapa Kashai, haijawahi kumnyima mtu jibu. Najua, maana anayeitunza ni mimi, na Linux inayoiendesha naijua kama njia ya chooni kwetu.

Jumatatu saa mbili asubuhi, muuguzi Annastella alipiga simu kutoka Muleba. Mama mmoja wodini kwake, Joanitha, alikuwa anavuja damu tangu ajifungue alfajiri, na maombi ya damu ya kundi O hayakujibiwa.

"Kwa simu hatutoi, dada," alisema mkuu wetu, Mzee Kamala. "Tuma kwenye mfumo."

"Mfumo ndio haujibu, waitu!"

Wakati huo senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wanaanguka juu ya paa letu tu. Haukuwa msimu wao. Nuriat wa mapokezi alitoka na beseni, akawanyonyoa, akawakaanga kwenye jiko la chai. Kikaangoni walisema, mmoja mmoja: "Joanitha. Kundi O. Chupa mbili. Dharura." Nuriat akapunguza moto, akaongeza chumvi.

Aristides, fundi wa zamu, alianza kutafuta hitilafu. Huduma ya kupokea maombi ilikuwa inafanya kazi, mlango wake uko wazi, unasikiliza. Akaiuliza akiwa palepale kwenye kompyuta, ikajibu. Akaiuliza kwa simu yake, kupitia mtandao wa nje, ikajibu pia. Akatazama yanayoingia: maombi ya Muleba yalikuwa yanafika, moja kila dakika, kisha kimya. Kila lilipofika, bati la paa lililia to.

Akasoma kanuni za ukuta wa ulinzi wa kompyuta, zinazoamua nani aingie. Ya kwanza kabisa: chochote kutoka Muleba kidondoshwe, kisijibiwe.

Aliifuta saa nne na robo. Ombi likaingia. Chupa mbili zikapanda bodaboda, zikafika Kemondo, bado njiani, Annastella akapiga simu.

"Zirudisheni tu. Tumeshamfunika."

Bodaboda akageuza. Mzee Kamala akabandika upya tangazo lililokuwa linabanduka mlangoni: KWA SIMU HATUTOI. Senene wakaendelea kuanguka.

"Kanuni hii kaandika nani?" Aristides aliuliza.

"Labda virusi," nikasema.

Nuriat alikuwa anakusanya sahani. "Virusi gani? Si wewe Ijumaa, ulisema kengele ya maombi ya Muleba inakukatizia mpira?"

Nikamwambia asinisingizie, mimi hata senene wake sijaonja.

"Sahani mbili," alisema. "Ulikuwa unalisikia jina la Joanitha, unatafuna. Toa hilo bawa kwenye jino."