Tishari la Wazazi Wangu

Nilizaliwa ndani ya tishari. Baba alikuwa nahodha, mama baharia wake wa pekee, na chombo cha tajiri wao, kipana kama ghala, kilishuka mto kwa tanga kikipeleka matofali mjini. Mama alishika usukani hata alipokuwa na mimba yangu.

"Punguza tumbo hilo, mke wangu, tutakwama mchangani," baba alimtania.

"Aliyepakia shehena ni nani?" mama akamjibu, na wapakiaji wakaangua kicheko.

Siku hazigandi. Daraja lilipojengwa, malori yakatunyang'anya matofali. Tukabeba mchanga, baadaye samadi, mwisho hatukubeba kitu. Mwenye chombo aliung'oa mlingoti akauuza, ganda akamwachia baba liwe ndiyo ahsante yake. Wazazi wakalifunga ukingoni, wakafanya makao. Mimi niliolewa, nikahamia nchi kavu.

Mbao zilianza kuvuja. Kila alfajiri baba alipiga pampu mpaka sakafu ikauke, ndipo amwamshe mama kwa chai. Kifua cha mama kikawa kibovu kwa unyevu. Niliwasihi waje kwangu, lakini mama ndiye aliyekataa.

"Nyumba isiyotikisika, mwanangu, nitapataje usingizi?"

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, baba aliamka akakuta ndara za mama zinaelea kando ya kitanda. Alimbeba mgongoni mpaka kwangu, yeye mwenyewe akiwa mzee wa kubebwa. Mama hakumaliza mwezi.

Matanga yalipokwisha, baba akarudi chomboni. Nilipomfuata nilimkuta amekaa juu ya paa la kijumba cha nyuma. Ndani, maji yalishafika mezani.

"Baba, maji yanaingia!"

"Nayaona."

"Pampu imeharibika?"

"Pampu nzima kabisa. Nilikuwa nayatoa ili mama yako asilowe."

Nilipanda nikakaa naye pale juu, bega kwa bega, tukilisikia tishari likinywa maji polepole, hadi lilipotua kwenye tope na kulalia ubavu. Ndipo akakubali kushuka.

Sasa anaishi nasi. Kiti chake kiko dirishani. Mume wangu akimwuliza ameamkaje, baba humwambia tu upepo unatoka wapi.