Nguzo Iliyolazwa Barabarani

Mama Kioo alikuwa fundi fremu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshafremu vyeti, maharusi, marehemu, hata jino la mzee mmoja aliyelipenda kupita kiasi. Lakini asubuhi ile, mwalimu mstaafu alipofungua bahasha pana na kutandaza mezani karatasi nne zilizogeuka rangi ya chai, fundi aliweka nyundo chini.

"Zilikuwa za baba," mwalimu alisema. "Mahekalu ya Misri ya kale. Mchoraji aliyachora akiwa hukohuko, kisha yakachongwa kwenye bamba la shaba, yakapigwa chapa. Nitazipitia saa kumi."

Alipoondoka, Mama Kioo akashika lenzi. Kumbe vivuli vyote vile vilikuwa mistari tu, mamia kwa mamia, myembamba kama unywele, mtu kaichonga mmoja mmoja bila kuteleza. Nguzo zilisimama bega kwa bega, nene, zimejaa maandishi ya ndege na macho, na vichwa vyake vimechanua kama maua ya mafunjo. Chini ya nguzo ya mbele alisimama mtu mmoja na fimbo yake, mdogo kama chungu aliyepotea njia.

Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa kaka yake mkubwa, mwashi, ambaye mtaa mzima ulimwita Futi Sita kwa sababu ndio urefu wake, hazidi wala hapungui. Miezi saba ilikuwa imepita tangu aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Goti lilipona kwa shingo upande. Ulimi nao ukawa kama umebaki kulekule alikoangukia. Kila asubuhi mkewe alimleta hapo, angalau aone watu wakipita. Mama Kioo hakuwa na mpango wowote wa kumponya. Alitaka tu mtu wa kushangaa naye.

"Kaka, hebu njoo uone."

"Naona kutoka hapa."

"Huoni. Njoo."

Akaja akichechemea, akainama na lenzi. Akaisogeza lenzi polepole kutoka chini ya nguzo mpaka kichwani, akairudisha kwa yule mtu mwenye fimbo. Kisha akauliza, "Huyu mtu ana urefu gani?"

"Mtu wa kawaida. Tuseme kama wewe."

"Nipe rula."

Akampima mtu: milimita sita. Akapima nguzo: sabini na mbili. Akarudia, maana mwashi haamini kipimo cha kwanza.

"Mimi kumi na wawili," akasema polepole.

"Wewe kumi na wawili kivipi?"

"Hii nguzo ni mimi kumi na wawili, kila mmoja amesimama juu ya kichwa cha mwenzake." Hapo kicheko kikamtoka. Kilianzia puani kama chafya, kikashuka kifuani, kikamlazimu kushika meza. Mama Kioo hakujua kinachochekesha ni nini, lakini alishindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili mpaka misumari ikatetemeka kwenye kopo.

"Haiwezekani," kaka akasema akijifuta machozi. "Lazima niione."

Akasimama wima ukutani kama mtoto anayepimwa. Mama Kioo akakata ubao wa fremu, ule wa bei, sawasawa na utosi wake. Wakatoka na ubao, uzi na kopo la chaki. Wakaulaza barabarani, wakitia alama ya chaki kila ulipoishia. Moja, mbili, tatu: wakaipita saluni ya mke wa Futi Sita, naye akatoka na kitana mkononi.

"Wifi, unampeleka wapi mume wangu?"

"Muulize mwenyewe. Leo anaongea."

Yule mke akamtazama mumewe aliyekuwa akimwamuru fundi viatu aondoe benchi lake, akarudi ndani, akamwacha mteja nusu kasukwa na nusu nywele zimesimama, akaja kushika ncha ya uzi. Mteja naye akafuata. Nne, tano, sita. Wenye maduka wakauliza kinachojengwa. "Nguzo," Futi Sita akajibu, "lakini tumeilaza kwanza." Ubao wa kumi na mbili ukaishia uwanjani kwa fundi magari.

"Ndugu yangu, sogeza hili gari," Futi Sita akamwambia. "Limekaa juu ya kichwa cha nguzo."

Fundi magari alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini aliifuata kwa macho mistari ya chaki mpaka ilikoanzia. Akasukuma gari. Futi Sita akafunga uzi kwenye msumari, akazungusha duara lenye upana wa watu watatu wa urefu wake, kama mchoro ulivyoonyesha, huku akipiga kelele kwamba hapo juu, juu kabisa, kulikuwa na sehemu pana namna hii, na juu yake mawe mengine. Mtu akaingia ndani ya duara kujaribu. Wakafuata wengine. Wifi mtu akahesabu akiwagusa vichwa kwa kitana: hamsini na watatu, wamebanana, wanacheka kwa sababu wa mbele anacheka, na mteja mwenye nusu nywele yuko katikati akiomba asikanyagwe.

Mwalimu mstaafu alifika saa kumi kamili akakuta duka wazi, picha zake mezani bila fremu hata moja. Akafuata mistari ya chaki mpaka uwanjani, mkoba kwapani, uso umekunjamana.

"Mama Kioo, ndiyo kazi hii?"

"Nisamehe, mwalimu. Tulikuwa tunaangalia ukubwa."

Mwalimu akatazama nyuma, urefu wote wa barabara, kisha akatazama duara. "Baba aliniambia ni ndefu," akasema. "Nilidhani anatia chumvi, kama kawaida yake." Akavua viatu, akaingia. Hamsini na wanne.

Alipotoka alimwendea Futi Sita, si dada yake. "Shuleni kwangu bado wananisikiliza. Kuna uwanja wa mpira. Unaweza kuwachorea watoto hekalu zima?"

"Nguzo zote?"

"Zote."

Futi Sita akakuna kidevu, akamgeukia mkewe. "Tutahitaji uzi mrefu," akasema, na tayari alikuwa anatembea.

Mama Kioo akaenda kufunga duka ili awafuate.